Udongo Ulio Chini ya Barafu

Askari aliyefunzwa vema hapigi hema lake kabla ya kuitazama ardhi. Huuliza: Je, hapa ni mwamba au ni mfinyanzi? Maji ya mvua yatapita wapi? Akisahau kuuliza, mvua ya usiku wa kwanza itamfundisha, naye ataamka akiwa ndani ya matope, blanketi lake limelowa na viatu vyake vimechukuliwa na maji. Mama wa nyumbani naye anaijua kanuni hiyo hiyo. Hateleki chungu mpaka ayatikise mafiga aone kama yamekaa imara.

Juma hili twataka kuitumia kanuni hiyo ya kambini na ya jikoni katika jambo lililo mbali sana nasi, nalo ni barafu kubwa iliyofunika ncha za dunia. Watu wengi wakiifikiria barafu hiyo huifikiria kwa juu tu: weupe wake, baridi yake na upepo wake. Lakini wataalamu wa miamba wamekwisha kutambua kwamba habari nyingi zimo chini yake. Kitu ambacho barafu imekikalia ndicho huamua kama itatulia au itakimbia. Na kabla hatujamaliza tutaona kwamba, hapo kale, barafu moja iliyokimbia huko kaskazini yaelekea ililigusa hata Ziwa Victoria, ambalo maji yake twayanywa na samaki wake twawala.

BARAFU ITEMBEAYO

Sisi tulio karibu na milima ya Rwenzori twajua barafu ni kitu gani, maana ipo juu ya vilele vyake, ingawa yapungua mwaka hata mwaka. Lakini ya Rwenzori ni tone tu mbele ya bahari. Bamba la barafu la Greenland, kule kaskazini, lina unene unaofikia kilometa 3 na zaidi. Lile la Antaktika, kwenye ncha ya kusini, ni kubwa kulilipita hilo mara nyingi. Kama barafu yote ya Greenland ingeyeyuka, bahari zote za dunia zingepanda kwa mita 7 hivi. Na kama ya Antaktika ingeyeyuka yote, zingepanda kwa zaidi ya mita 50.

Yafaa pia tufahamu kwamba barafu nene hivyo haikai kimya. Uzito wake wenyewe huisukuma, nayo hutambaa polepole kutoka katikati kwenda pembeni, kama uji mzito uliomwagwa juu ya sinia. Mahali pengine husogea mita chache tu kwa mwaka. Mahali pengine husogea mamia ya mita. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo, na barafu ni ile ile? Swali hilo tutalijibu, lakini kwanza tusikie habari za askari.

KAMBI NDANI YA BARAFU

Mwaka 1959 wahandisi wa jeshi la Marekani walianza kuchimba kambi ndani ya barafu ya Greenland, zaidi ya kilometa 200 kutoka kituo chao cha ndege cha Thule. Waliita mahali hapo Camp Century. Walikata mahandaki marefu katika theluji iliyoshikamana, wakayaezeka kwa mabati ya chuma yaliyopindwa, na theluji ikafunika juu. Ndani yake waliweka nyumba za mbao za kulala, jiko, hospitali, kanisa, maktaba na chumba cha sinema. Umeme na joto vilitoka katika mtambo mdogo wa nyuklia uliosafirishwa vipande vipande. Askari wapatao 200 waliweza kuishi humo.

Ulimwengu uliambiwa kwamba kambi hiyo ni ya elimu tu. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1990, ilifahamika wazi kwamba kulikuwako na mpango wa siri wa kuchimba maelfu ya kilometa za mahandaki na kuficha humo makombora 600. Hata serikali ya Denmark, yenye mamlaka juu ya Greenland, haikuelezwa mpango huo.

Mpango ulishindwa, nao haukushindwa na adui. Ulishindwa na barafu yenyewe. Kuta za mahandaki zilisogea ndani, dari zikashuka, na askari walilazimika kuzinyoa kuta mara kwa mara ili nyumba zao zisibanwe. Mtambo wa nyuklia ulizimwa mwaka 1963 na kuondolewa. Mwaka 1967 kambi yote ilikuwa imeachwa, na baadaye barafu ikaimeza.

Hata hivyo, kazi moja iliyofanywa pale haikupotea. Wataalamu waliokuwa pamoja na askari hao walikuwa wakitoboa barafu kwa mtambo wa kuchimba, wakitoa nguzo nyembamba ya barafu kipande baada ya kipande. Baada ya miaka kadhaa ya kushindwa na kuanza upya, mwezi wa Julai 1966 walifika chini kabisa, mita 1,387 kutoka juu. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa binadamu kulitoboa bamba kubwa la barafu mpaka mwisho wake. Nao hawakusimama hapo. Waliendelea kidogo wakatoa pia karibu mita tatu na nusu za udongo ulioganda, uliokuwa chini ya barafu.

UDONGO ULIOSAHAULIKA GHALANI

Barafu ilipokewa kwa shangwe. Mtaalamu wa Denmark aitwaye Willi Dansgaard aliipima, na mwaka 1969 yeye na wenzake wakaeleza jinsi joto la dunia lilivyopanda na kushuka kwa karibu miaka 100,000. Lakini ule udongo wa chini haukutazamwa sana. Ulihifadhiwa Marekani, kisha ukahamishiwa Copenhagen katika miaka ya 1990, ukakaa kwenye vyombo vya kioo ndani ya chumba cha kugandishia. Watu karibu wote wakausahau.

Mwaka 2017, wakati ghala hilo lilipokuwa likipangwa ili vitu vyake vihamishwe, vyombo hivyo vilionekana. Kila mtunza ghala wa jeshi anayesoma ukurasa huu atatabasamu, maana ajua kwamba kitu kilichoandikwa vizuri kwenye kibandiko chake hakipotei milele. Kibandiko kilikuwa bado kinasomeka.

Udongo ulipooshwa kwa maji, wataalamu waliona vitu vyeusi vidogo vikielea. Walivitazama kwa darubini ya vitu vidogo, nao wakashangaa. Vilikuwa vijiti, majani na kuvumwani. Yaani mahali palipo leo na barafu ya zaidi ya kilometa moja kwenda chini, zamani palikuwa na ardhi wazi, yenye mimea iliyoota chini ya jua.

Ilibaki kuuliza ni lini. Kuna njia ya kupima punje za mchanga ili kujua ni muda gani umepita tangu punje hizo zipigwe na mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2023, wataalamu walisema kwamba tabaka la juu la udongo huo liliwekwa na maji yatiririkayo miaka 416,000 hivi iliyopita, na hesabu hiyo yaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 38,000. Wakati huo dunia ilikuwa na kipindi kirefu cha joto la kadiri. Walihesabu pia kwamba, ili mahali pale pabaki bila barafu, Greenland ilipasa kupoteza barafu ya kutosha kuinua bahari kwa mita 1.4 au zaidi.

Sasa tazama jambo la kututia fikra. Katika kipindi kile cha kale, hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi wa mafuta na makaa na kuivika dunia joto kama blanketi, ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita sehemu 420. Udongo ule ulioletwa juu na mtambo wa kambi ya vita umekuwa shahidi asiyeweza kuhongwa: barafu ya Greenland si ya milele, nayo iliwahi kuyeyuka sana bila binadamu kuichokoza.

LORI JUU YA MATOPE

Tulisema udongo huo ni shahidi. Lakini udongo wa chini ya barafu si shahidi tu. Nao una mkono katika mambo yenyewe. Hapa na turudi kwenye swali letu la kwa nini barafu hukimbia mahali pengine na kutulia pengine.

Dereva yeyote wa lori la jeshi aweza kutujibu. Lori likisimama mlimani juu ya mwamba mkavu, magurudumu hushika. Lori lile lile, lenye mzigo ule ule, likisimama juu ya mfinyanzi uliolowa, huanza kuteleza lenyewe, na breki hazisaidii kitu. Mzigo haukubadilika. Kilichobadilika ni kile kilicho chini ya magurudumu.

Mwaka 1986 wataalamu waliokuwa Antaktika ya Magharibi walieleza uvumbuzi wao. Walilipua baruti kidogo kwenye barafu na kusikiliza mwangwi uliorudi kutoka chini. Mwangwi huo ulionyesha kwamba chini ya mto mmoja wa barafu uendao kwa kasi kulikuwa na tabaka la matope laini yaliyojaa maji, lenye unene wa mita kadhaa. Barafu haikuwa imekaa juu ya mwamba. Ilikuwa ikibebwa juu ya matope.

Na maji hayo yametoka wapi katika baridi kali kama ile? Yametoka chini. Dunia ina joto lake la ndani, na barafu nene hulizuia lisitoke, kama vile majani ya ndizi yafunikavyo matoke jikoni yasipoe. Barafu ya chini kabisa huyeyuka kidogo kidogo, maji yakaingia katika udongo, na udongo ukawa matope. Basi, joto la ardhi, aina ya mwamba na wingi wa udongo vyote vina sauti katika mwendo wa barafu.

UDONGO ULIPOKWISHA

Tukilifahamu hilo, fumbo moja la kale laanza kufunguka. Zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, vipindi vya barafu duniani vilikuja na kuondoka kila baada ya miaka 41,000 hivi, kwa kufuata jinsi dunia inavyoinama na kuinuka katika mzunguko wake. Kisha, kati ya miaka 1,200,000 na 700,000 iliyopita, mwendo huo ulibadilika. Vipindi vya barafu vikawa virefu na vikali zaidi, kila kimoja karibu miaka 100,000. Mzunguko wa dunia haukuwa umebadilika. Ni nini basi kilichobadilika?

Mwaka 1998 wataalamu Peter Clark na David Pollard walitoa jibu lenye kupendeza kwa urahisi wake. Walisema: tazameni chini. Kwa mamilioni ya miaka kabla ya barafu kuja, mvua na jua viliuozesha mwamba wa Kanada na kuufunika kwa udongo mwingi laini. Barafu za kwanza zilikaa juu ya udongo huo zikateleza. Kwa hiyo zilienea mbali lakini zikawa nyembamba, na joto kidogo tu lilitosha kuziyeyusha. Lakini kila barafu ilipopita ilikwangua udongo na kuusukuma kusini, kama mpishi akwanguavyo ukoko wa sufuria. Mwisho wake udongo ulikwisha, na mwamba mgumu ukabaki wazi. Barafu zilizokuja baadaye zikashikwa na mwamba huo, zikarundikana, zikawa nene kiasi cha kuvumilia vipindi vidogo vya joto bila kuyeyuka zote.

Wataalamu wengine wana maelezo mengine, hasa kwamba hewa ya ukaa ilipungua, na huenda sababu hizo zilishirikiana. Lakini ushahidi wa kukwanguliwa kwa udongo huo upo hata leo. Sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Kanada ni mwamba mtupu wenye maziwa yasiyohesabika, na mahindi ya Iowa na Illinois, huko Marekani, huota katika nchi iliyotandazwa udongo na barafu.

MATOPE YA KANADA NA ZIWA LETU

Sasa tufikie kwetu. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alichapisha habari za matope yaliyochimbwa kutoka chini ya Bahari ya Atlantiki, mbele ya Ulaya. Katika matope hayo mna matabaka yenye vijiwe vingi, ambavyo havingeweza kufika kule kwa maji tu. Wataalamu walipochunguza zaidi waliona kwamba vingi ni vya mawe ya chokaa yatokayo upande wa Ghuba ya Hudson, huko Kanada. Vilisafirije? Vilibebwa na vilima vya barafu vinavyoelea, na kila kilima kilipoyeyuka baharini kikaangusha mzigo wake.

Maelezo yaliyotolewa mwaka 1993 na mtaalamu Douglas MacAyeal ni kwamba bamba kubwa la barafu la Kanada lilikaa juu ya udongo laini wa ghuba hiyo. Kwa maelfu ya miaka lilinenepa likiwa limeganda imara. Joto la ardhi likakusanyika chini yake, udongo ukalowa, na ghafula barafu ikateleza na kumiminika baharini kupitia mlango wa Hudson. Wengine husema kwamba maji ya bahari yenye vuguvugu yaliichokoza kwanza pembeni. Vyovyote vile, majeshi ya vilima vya barafu yaliingia Atlantiki mara kadhaa, na mara mojawapo ya mwisho ilikuwa miaka 17,000 hadi 16,000 hivi iliyopita.

Barafu hiyo ilipoyeyuka, maji yake matamu yalitanda juu ya maji ya chumvi. Mkondo mkubwa wa bahari uchukuao joto kutoka kusini kwenda kaskazini ukadhoofika. Kaskazini kukawa na baridi zaidi, na mvua za nchi za joto zikavurugika.

Ndugu msomaji uliye Jinja, Entebbe, Kisumu au Mwanza, sikiliza jambo lililotukia wakati huo huo. Ziwa Victoria, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika lakini kina chake ni mita 80 tu hivi mahali palipo kirefu kabisa, lilikauka. Wachunguzi waliotoboa sakafu yake wamekuta, chini ya matope ya ziwa, tabaka la udongo mgumu uliokaushwa na jua. Ziwa Tana la Ethiopia nalo lilikauka. Mto Nile, ambao leo hutoka katika ziwa letu pale Jinja, haukuwa na ziwa la kutoka. Katika taarifa ya mwaka 2011 kundi la wataalamu lililinganisha nyakati hizo, likasema kwamba ukame huo wa Afrika na Asia ulikwenda pamoja na kumiminika kwa barafu ile ya Kanada.

Ni kweli kwamba dunia yote ilikuwa na baridi na ukavu kabla ya hapo, na mambo mawili kutokea pamoja hakuthibitishi kila kitu. Lakini hesabu za mwendo wa bahari na hewa zaonyesha jinsi la kwanza liwezavyo kuzaa la pili. Basi, yaelekea kwamba matope yaliyolowa chini ya barafu ya Kanada yalikuwa na sehemu yao katika kulinyima maji ziwa hili. Mvua ziliporudi, kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, ziwa lilijaa tena. Mamia ya aina za samaki wadogo wa jamii ya nkejje, wasiopatikana penginepo, yamezaliana na kugawanyika tangu hapo.

TUJIFUNZE NINI?

Siandiki haya ili kuwatia hofu. Ziwa Victoria halitakauka kesho kwa sababu ya barafu ya Antaktika, wala bamba lile la Kanada halipo tena. Lakini mabamba mawili makubwa yamebaki. Sehemu kubwa ya Antaktika ya Magharibi imekaa juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, na mahali pengi ardhi hiyo ni matope laini. Greenland nayo, tumekwisha kusikia ushahidi wa udongo wake. Wanaotaka kujua bahari itapanda kwa haraka gani, kwa ajili ya Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, hawawezi kuhesabu vema bila kujua kilicho chini ya barafu. Ndiyo sababu watu wazima wenye akili timamu huenda kwenye baridi ile wakatoboa mashimo marefu ili wapate udongo wa kujaza ndoo moja.

Askari wa Camp Century walipewa amri ya kushika barafu kama ngome. Walipima upana wake na nguvu ya dari zake, na barafu ikawafukuza. Matunda yaliyodumu kutoka kambi ile ni udongo ambao hakuna aliyeuthamini, nao ulikaa ghalani nusu karne ukisubiri mtu wa kuufungua. Nanyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani na mawe mfukoni, akauliza yametoka wapi, msimkaripie kwa kuchafua nguo. Mwulizeni aliyaokota wapi, kisha mwende naye mkapatazame mahali hapo.